"Salamat" ya Wafilipino na "salama" yetu: ni neno moja?

MpishiDoha
Wanajamvi, habari zenu. Nafanya kazi jikoni kwenye hoteli hapa Doha, na zamu yetu wengi ni Wafilipino. Juzi mmoja wao kaungua mkono na mafuta ya kukaangia. Msimamizi, ambaye ni Mqatari, akamwambia "salamat, salamat", yaani pole. Kijana akajibu "walang anuman", kama mtu aliyeshukuriwa, kwa sababu kwao salamat ni asante! Mimi pembeni nasikia salama. Je, asili ni moja au sauti tu zimefanana?

BahariaWaMombasa
Hao nimekaa nao melini miaka mingi, watu wema sana. Ila usidhani wote wana lugha moja. Wa Cebu atakwambia "daghang salamat", wa Iloilo "salamat gid". Mwilokano wa kaskazini mwa Luzon yeye ni "agyamanak", na Mbikol ana "Dios mabalos", Mungu akulipe. Aliyenishangaza ni Mtausug wa Sulu. Mwislamu safi, nikamtarajia yeye hasa aseme salamat, kumbe kwao ni "magsukul". Hiyo sukul ndiyo shukr, mama wa shukrani zetu.

MwalimuBiZuhura
Mwanangu MpishiDoha, asili ni moja. Kwa Kiarabu ni salama, wingi wake salamat. Tagalogi, lugha kuu ya Wafilipino, ililipata kupitia Kimalei, lugha ya Malaysia na majirani zake, ambako "selamat" ni salama na pia ni salamu: selamat pagi asubuhi, selamat jalan kwa anayesafiri. Kimalei ndicho kilichokuwa lugha ya kuuzia na kununulia visiwani kote kule. Mwaka 1521 Magellan, nahodha wa meli za Wahispania, alipofika Visaya, visiwa vya katikati ya Ufilipino, mtumwa wake Enrique aliwasemesha wenyeji Kimalei na mfalme wao akamwelewa. Wahispania walipoiteka Manila mwaka 1571, waliikuta na watawala Waislamu.

Ilikuwaje dua ikawa shukrani? Mimi naona njia ni fupi: aliyekutendea wema unamwombea salama, na dua yenyewe inatosha kuwa malipo. Mbikol wa kaka Baharia anafanya hivyohivyo na Dios mabalos yake. Na sisi je? Asante yetu ni "ahsanta" ya Kiarabu, umefanya vyema. Ilikuwa sifa, tukaifanya shukrani, na Mwarabu mwenyewe akishukuru husema shukran. Kwa hiyo Wafilipino hawakulikosea neno. Wamelifanya lao, kama sisi tulivyofanya letu, na hilo linanifurahisha sana.

MpishiDoha
Ahsante sana mwalimu, leo naisema nikiijua. Kijana mkono unaendelea vizuri. Nimemsomea majibu yenu, akaniambia jaji kwao ni "hukom". Hiyo ni hukumu?

MwalimuBiZuhura
Hiyohiyo, na njia ni ileile ya Kimalei. Mpe pole yangu, kisha muulize maana ya "akala", halafu uiweke karibu na akili.