Ushauri: albamu ya kantri na roki ya zamani, nianze na santuri au mtandaoni?

Gitaa_Kavu: Wakuu, habari za jioni. Natunga na kuimba mwenyewe kantri iliyochanganyika na roki ya miaka ya 50, niko Nairobi. Nyimbo 12 zimeiva, jumla dakika 51, nyingi nimepiga gitaa langu la pedali stili la nyuzi 6. Kuna mtu atagharamia santuri 300. Nianze na santuri au nipandishe mtandaoni kwanza? Usingizi sipati.

FundiMitambo: Dakika 51 hazikai vizuri kwenye santuri moja ya inchi 12. Kwa mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, upande mmoja unataka dakika 18 hadi 22. Ukizidisha, mifereji inabanwa, sauti inashushwa, mkwaruzo unasikika juu ya gitaa. Toa nyimbo tatu. Besi ikae katikati, isitawanywe kushoto na kulia, la sivyo sindano huruka. Wimbo wa kufunga kila upande uwe wa taratibu, maana karibu na kitovu "s" kali huchakaza masikio.

Bi_Tremolo: Mimi namjibu la sauti, ingawa hakuuliza 😀 Mwangwi wa enzi hizo unarudi mara moja tu, milisekunde 80 hadi 130. Prodyuza Sam Phillips pale Memphis aliupata kwa mashine mbili za tepu. Ukirudi mara tano, huo sasa ni mtindo wa dabu wa Jamaika.

Wakili_wa_Mtaa: Huyo mfadhili anapata nini?

Gitaa_Kavu: Ananisaidia tu, anapenda muziki.

Wakili_wa_Mtaa: Santuri 300 kwa mapenzi? Masta, yaani rekodi asili, ni za nani?

Gitaa_Kavu: Zake, moja kwa moja. Lakini mtunzi ni mimi, masta nitazifanyia nini? Bila yeye santuri hakuna. Barua ya makubaliano nimeshasaini, mkataba wenyewe bado.

Mzee_Baraka: Vijana mnasaini halafu ndiyo mnauliza. Mtangulize Mungu.

Wakili_wa_Mtaa: Haki ziko mbili. Filamu ikitaka wimbo wako, inahitaji ruhusa yako ya utunzi na ya mfadhili ya rekodi. Akigoma, umekwama. Taylor Swift, masta zake zilipouzwa 2019, aliweza kurekodi upya kwa sababu zuio la kurekodi upya kwenye mkataba wake lilikuwa na mwisho. Lako lina mwisho? Mpe leseni ya miaka 5 hadi 7: mauzo ya santuri yarudishe kwanza gharama zake, kinachobaki mgawane, hesabu kila miezi 6, kisha masta zirudi kwako.

Sidanganyiki: Jamani, hii chai. Pedali stili ya nyuzi 6? Ile ya Nashville ya mtego wa E9 ina nyuzi 10, pedali 3 na wenzo za magoti. Huyu hajawahi kuikalia.

Bodaboda_Blues: Chai ya rangi au ya maziwa?

Gitaa_Kavu: Ni lapu stili, ya kupakata. Huku zote tunaziita hivyo.

Bi_Tremolo: Basi usiandike pedali kwenye kava, wapigaji watakuumbua. Ukizitega nyuzi kwa C6 inavuta kwenye swingi, mtego wa E ya wazi unakupa roki.

Wakili_wa_Mtaa: Turudi kwenye barua. Ina tarehe ya mwisho ya kusaini mkataba?

Gitaa_Kavu: Ijumaa. Ila nusu ya pesa alishatuma kiwandani, oda iko kwa jina lake.

Wakili_wa_Mtaa: Hilo ulikuwa unalificha hadi lini?

FundiMitambo: Kiwanda kitatuma nakala chache za majaribio kabla ya kuchapa zote 300. Waandikie leo kwamba idhini ya majaribio lazima iwe na saini yako pia, na usiitoe kabla leseni haijasainiwa.