Gredi ya 7: miradi ya sayansi imekuwa kazi ya wazazi, nifanyeje?

MwalimuKisauni: Wanajamvi, salaam. Darasa langu limejaa hadi mlangoni na maabara hatuna. Nikitoa mradi, Jumatatu naletewa volkano za kupakwa rangi, kazi ya kaka mtu au ya fundi. Ukimuuliza mtoto kwa nini inatoa povu, anaangalia chini. Nataka kitu wakifanye wenyewe, hapo hapo shuleni, kwa bei nafuu.

MzaziTudor: Allah akuweke. Leo manila, kesho gundi, keshokutwa rangi! Ukiyapiga marufuku hayo nitakuombea dua.

BintiLikoni: Jaribu yai. Kwenye maji ya bomba linazama, kwenye maji ya bahari linaelea. Rahisi tu.

MstaafuChangamwe: Binti, hilo umelijaribu? Yai bichi lililotagwa juzi huzama hata kwenye maji ya bahari. Chumvi yake ni takriban gramu 35 kwa lita, haitoshi kulibeba.

Lakini mwalimu, mradi wako ndio huo. Waache watabiri kwanza, waandike kwa kalamu wasije wakafuta. Likizama watauliza wenyewe: basi itakiwe chumvi kiasi gani? Kundi moja liongeze kijiko baada ya kijiko kwenye lita ya maji ya bomba, wakikoroga na kuhesabu. Jingine lianike maji ya bahari kwenye sinia mpaka yabaki thuluthi au pungufu, kisha wayamimine kwenye gilasi wajaribu. Hawakuongeza chumvi hata chembe, maji ndiyo yaliyopaa.

Pia nunua mayai mapya na ya zamani, uyachanganye bila kuwaambia. Yai likikaa hupoteza maji kupitia ganda na hewa huongezeka ndani, kwa hiyo la kale sana huelea hata kwenye maji ya bomba. Majibu yatagongana. Usiwasaidie haraka, waache wabishane.

BintiLikoni: Haya, nimekubali 😂 Ila hizo sinia zifunikwe kwa chandarua. Kunguru wa mji huu unawajua.

MwalimuKisauni: Shukran mzee. Na alama nitoeje, watoto wote hao?

MstaafuChangamwe: Makundi ya watano, sahihisha daftari. Aliyekosea utabiri usimkate. Mkate aliyebadilisha namba zake zifanane na za jirani. Na maji ya bahari yachotwe na mtu mzima, watoto wasitumwe ufukweni.

MzaziTudor: Na maji ya visima? Cha kwetu hata chai haipikiki.

MwalimuKisauni: Hilo nimelipenda kuliko yote. Kila mtoto aje na chupa ya maji ya kwao, wakaushe kiasi sawa kwenye visahani, walinganishe kinachobaki. Mayai nanunua mimi, wazazi pumzikeni.

MzaziTudor: Amina! Chupa nishaisuuza.