Walimu, tupeane uzoefu: mzazi unampataje, na unamwambia nini?

Walimu wenzangu wa shule za msingi, darasa lina watoto themanini na mwalimu wa darasa ni mmoja. Mbinu gani zinafanya kazi katika kuwasiliana na familia? Wekeni hatua na mifano.

Chaki Nyeupe
Anza na daftari la mawasiliano, Januari. Jina la mtoto, anayeishi naye, namba mbili, saa anayopatikana, na kama anasoma mwenyewe au anasomewa. Namba ya siku ya kuandikishwa mara nyingi ni ya baba aliye machimboni, ilhali mtoto analelewa na bibi. Hakiki tena baada ya likizo ya Juni, kwa kupiga, maana laini hubadilika mikono. Akipokea mtu mwingine, usitaje shida ya mtoto kabla hujajua unaongea na nani.

Mwl wa Zamu
Kwa wenye simu za kitochi, SMS isizidi herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Jitambulishe, taja jambo moja, sema afanye nini na lini:

"Habari mama Neema. Ni mwl wa darasa la 3. Neema hajafika shule J3 na J4. Naomba unijulishe kama yupo salama, au nibipu leo saa 10 jioni, nitakupigia."

Usiandike "Fika shuleni kesho bila kukosa." Mzazi anasikia michango au kesi. Ama haji, ama mtoto anachapwa usiku huohuo kwa kosa ambalo halipo.

Mama Hesabu
Mzazi akifika, msiongelee ofisini mbele ya walimu wengine. Kaeni upande mmoja wa meza, daftari katikati. Aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake kwanza. Hapo nusu ya woga imeondoka.

Kisha mwonyeshe, usimsimulie. "Mtoto ni mzito" haimsaidii mtu. Fungua ukurasa wa kujumlisha: 47 + 38, mtoto kaandika 715. Saba na nane kapata 15, sawa. Nne na tatu kapata 7, sawa. Kaziandika zote mbili bila kubeba. Kwa hiyo kujumlisha anajua. Asichojua ni kwamba moja ya kwenye 15 ni kumi nzima. Bibi asiyesoma anaelewa hili ukimpangia vijiti 15 na kufunga kumi kwa uzi. Kama ana genge, kazi ya nyumbani ni hii: mtoto apange nyanya mafungu ya kumi kumi, ahesabu mafungu, kisha zilizobaki. Dakika kumi kila jioni, wiki mbili, halafu mpigie bibi umweleze kilichobadilika. Simu hii ya pili ndiyo wengi tunaisahau, na bila hiyo mzazi anajua mwalimu hutafuta watu kukiwa na ubaya tu.

Kengele ya Saa Mbili
Naunga mkono, ila michango isiingizwe kwenye kikao hicho hata kwa sentensi moja. Itameza yote.

Kundi la WhatsApp liwe la matangazo, wasimamizi pekee waandike. Matokeo yenye majina hayawekwi humo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mtoto aliyeshika nafasi ya mwisho ana jirani zake humo ndani. Asiye na simu janja apate tangazo kwa SMS siku ileile.

Malezi na Unasihi
Barua nyeti usimpe mtoto, itaishia kwenye begi. Simu isipopokewa mara tatu kwa saa tofauti, moja iwe usiku kati ya saa 1 na saa 2, mwombe mwenyekiti wa mtaa afikishe ujumbe wa kukutana tu, bila sababu.

Ukiona dalili kwamba mtoto anaumizwa nyumbani, usianze kwa kupiga nyumbani. Huenda ukampigia yuleyule anayemuumiza. Mwone mwalimu mkuu na afisa ustawi wa jamii, au piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni bure.