Mjadala: Rauschenberg alikuwa mbunifu, au alipata jina kwa picha za wenzake?

Mkasi na Gundi
Wakuu, habari za saa hizi. Naleta mada ya Robert Rauschenberg, msanii Mmarekani wa Port Arthur, Texas, aliyezaliwa 1925 na kufariki 2008. Kwenye uzi wa msanii Andy Warhol kuna mdau alisema Rauschenberg "alikuwa anaokota tu", nikaona nimfungulie uwanja wake.

Huyu bwana mwaka 1955 alichukua mto, shuka na mfarishi wa viraka, akavipaka rangi, akavitundika ukutani. Kazi ile inaitwa Bed, iko MoMA, jumba la sanaa ya kisasa la New York. Halafu kuna Monogram, mbuzi wa Angora aliyekaushwa, kavishwa tairi la gari kiunoni, hivi sasa yuko Stockholm, Sweden. Huwezi kuiita picha, huwezi kuiita sanamu. Sanaa ya Pop, ile ya picha za matangazo na bidhaa za kila siku, ilikuja kuota palepale alipolima yeye.

Sasa tazameni mkono wake ulivyofanya kazi kwenye michoro 34 ya Inferno, shairi la Dante kuhusu jehanamu. Anachukua picha ya gazeti, anailowesha kwa kimiminika cha kuyeyusha wino, anailaza kifudifudi juu ya karatasi, kisha anasugua mgongoni kwa ncha kavu ya kalamu. Wino unahamia kidogo kidogo, na kila msuguo unaacha mstari wake. Sura ya mtu inatokea kama iko nyuma ya mvua. Mtu aniambie hapo kaokota nini. Mpigapicha wa gazeti alibonyeza kitufe tu, kazi yenyewe ilifanyika mezani kwa Rauschenberg.

Jicho la Lenzi
Kubonyeza kitufe TU?

Mkuu, mengine yote nimekuachia, hili hapana. Wewe umewahi kusubiri mwanga? Umewahi kulala kifudifudi kwenye mawe ili mtu anayeruka akae katikati ya anga bila kukatwa mguu? Watu kama nyie ndio mnaofanya picha zetu zichukuliwe bure. Mimi picha yangu niliikuta kwenye bango la kampuni moja, nilipouliza nikajibiwa "ilikuwa mtandaoni". Ni kauli yako hiyohiyo, tofauti ni kwamba wao walivaa suti.

Na kwa kuwa umemleta Rauschenberg, mtaje na Morton Beebe. Alipiga picha ya mtu akipiga mbizi, kampuni ya kamera ya Nikon wakaitumia kwenye tangazo. Rauschenberg akaitoa humo, akaiweka katikati ya Pull, kazi yake ya kitambaa ya 1974. Mwenye picha aliitambua mara moja alipoiona.

Kitabu Wazi
Wakaenda mahakamani, na hukumu haikutolewa. Walipatana 1980. Ni vizuri kusema hivyo, maana humu watu wanapenda kusema "alikutwa na hatia".

Beebe alipomwandikia kulalamika, jibu la Rauschenberg lilikuwa kwamba ametumia kolaji, yaani kubandika vipande vya picha na vitu pamoja, tangu 1949, na hajawahi kujiona anaingilia haki ya mtu kwa sababu picha akishaitia kwenye kazi yake inageuka kitu kingine. Hapo ndipo pa kujadili. Je, mpiga mbizi wa Pull aligeuka? Mimi nikiangalia ile kazi naona mtu yuleyule, mkao uleule, kitambaa tu ndicho kipya.

Rangi ya Udongo
Kuna jambo mnalipita. Mwaka 1953 Rauschenberg alitaka kufuta mchoro wa msanii mwingine uwe kazi yake. Alikwenda mwenyewe kwa mchoraji Willem de Kooning, akamweleza nia yake, akaomba. De Kooning hakufurahia, ila alimpa, tena akamchagulia mchoro mgumu kufutika. Msanii mwenzake Jasper Johns ndiye aliyeandika kibao cha chini. Kazi ipo San Francisco hadi leo.

Kwa hiyo adabu ya kuomba aliijua. De Kooning alikuwa mkubwa, akaombwa. Mpigapicha wa tangazo hakuombwa. Mimi suala la ubunifu sina ugomvi nalo, huyu alikuwa mbunifu kupita kiasi. Ninachouliza ni nani alionekana kwake kuwa msanii mwenzake na nani alionekana malighafi.

Mkasi na Gundi
@Jicho la Lenzi, povu lote hilo la nini? Sijasema wapigapicha hawana kazi. Na usimfananishe Rauschenberg na kampuni ya mabango. Kampuni iliuza bidhaa kwa picha yako. Huyu alikuwa mtu wa kukataa hata mafanikio yake mwenyewe. Alipopata tuzo kuu ya uchoraji Venice 1964 alipiga simu New York akaagiza skrini zake za kuchapia ziharibiwe, asije akaanza kujirudia. Mtu mwenye tamaa hafanyi hivyo, anachapa mpaka wino uishe.

Isitoshe alianza na kamera. MoMA walinunua picha mbili za kwake 1952, kabla hawajachukua kazi yake nyingine yoyote. Alikuwa mpigapicha mwenzako.

Jicho la Lenzi
Hapo umezidi kunipa hasira. Kama alikuwa mpigapicha basi alijua jasho lake, akachukua hivyohivyo! Na mbona baada ya kesi ya Beebe akaanza kutegemea picha alizopiga mwenyewe? Uwezo alikuwa nao.

Uzi na Sindano
Jamani mnagombania picha ya mbizi tangu asubuhi. Mimi nauliza, ule mfarishi wa Bed nani aliushona?

Inasemwa ulikuwa wa Dorothea Rockburne, msanii aliyesoma naye Black Mountain College, na kwamba Rauschenberg hakuwa na hela ya turubai. Sawa, mwenye mfarishi tumemjua, ila aliyekaa akaunga vile viraka hatajwi. Angalieni ile kazi kwa utulivu. Rangi imemwagwa juu, kwenye mto na mkunjo wa shuka. Nusu ya chini iko karibu kama ilivyotoka kwenye sindano, miraba imepangwa, rangi zimesemeshana. Anayesimama mbele ya Bed anasifu macho ya Rauschenberg, ilhali nusu ya anachokitazama ni macho ya mshonaji.

Mtaa wa Tatu
Dada, sasa tukianza hivyo tumlipe na fundi wa tairi la Monogram.

Uzi na Sindano
Kaka, usinifanyie hivyo. Tairi limetoka kiwandani, yako elfu kadhaa yanayofanana. Mfarishi ni mpango wa mtu mmoja, kachagua kipande gani kikae karibu na kipi. Kama hujawahi kushona, uliza, usikebehi.

Mtaa wa Tatu
Sijakebehi. Nasema mstari unauchora wapi? Sanaa yote ya vitu mchanganyiko inakufa ukidai saini ya kila aliyegusa kila kitu. Chupa ina mbunifu, lebo ina mbunifu, hata herufi za gazeti kuna mtu alizichora.

Kitabu Wazi
Mada ilikuwa njia yake ya kazi na jinsi alivyopanda. Tusisahau 1973. Robert Scull, tajiri wa teksi na mkusanyaji wa sanaa, alipiga mnada kazi alizokusanya kwenye nyumba ya mnada ya Sotheby Parke Bernet, New York. Thaw ya Rauschenberg, ambayo aliinunua 1958 kwa dola 900, ikauzwa dola 85,000. Msanii hakupata hata senti. Alimfuata Scull palepale, akamsukuma, akamwambia kwamba amefanya kazi kwa jasho ili yeye apate faida.

Baada ya hapo akawa mpiganaji mkubwa wa wasanii kulipwa kazi zao zinapouzwa tena. Na tayari 1970 alikuwa ameanzisha Change, Inc. ya kuwasaidia wasanii waliokwama kifedha. Hayo nayo ni maisha yake.

Rangi ya Udongo
Mnada Oktoba 1973. Pull ni 1974. Mtu anamsukuma tajiri kwa kula jasho lake, na mwaka unaofuata anachukua jasho la Beebe. Nilisema hili mapema kwa namna nyingine, hakuna aliyejibu.

Mtaa wa Tatu
Hayo si sawa hata kidogo. Scull aliinunua ile kazi kihalali. Alilipa bei iliyotajwa. Kosa lake liko wapi? Mimi nikinunua kiwanja leo kikapanda thamani, aliyeniuzia arudi kunidai?

Mkasi na Gundi
Kiwanja hakipandi kwa sababu aliyekuuzia anaendelea kukesha akifanya kazi! Thaw ilipanda kwa sababu Rauschenberg aliendelea kuwa Rauschenberg miaka 15 yote ile. Wafaransa wana sheria ya kumlipa msanii kazi ikiuzwa tena tangu 1920. California walipitisha yao 1976, asilimia 5, mahakama zikaja kuipangua karibu yote. Hapo ndipo wasanii walipoonewa, wala si kwenye tangazo la kamera.

Kitabu Wazi
Na ukitaka kuona thamani ya kazi hizi ilivyo kitendawili, angalia Canyon ya 1959. Ina tai mwenye kichwa cheupe aliyekaushwa, ndege anayelindwa na sheria za Marekani, hivyo kuiuza ni kosa. Warithi wa Ileana Sonnabend, mfanyabiashara wa sanaa aliyekuwa nayo, wakasema thamani yake ni sifuri. Watu wa kodi wakasema dola milioni 65. Ikaisha kwa kupewa MoMA, 2012. Kazi hiyohiyo moja, na pande zote mbili zilikuwa na hoja.

Mtaa wa Tatu
Hiyo sasa ni hatari. Yaani unatozwa kodi ya kitu usichoruhusiwa kuuza?

Jicho la Lenzi
Naona mmehamia kwenye kodi, na mleta mada amejificha humo. Nirudi kwake. @Mkasi na Gundi, asilimia 5 ya ile dola 85,000 ni dola 4,250. Unaona ni haki Rauschenberg apate hizo kwa Thaw. Sawa, nakubaliana nawe kabisa. Pull ikiuzwa tena kesho, Beebe apate ngapi? Andika namba, usiandike aya.

Mkasi na Gundi
Kwanza Pull ina mifuko ya karatasi, ina kitambaa, ina mpango mzima wa...

Jicho la Lenzi
Namba, mkuu.

Uzi na Sindano
Mimi nitaandika. Nusu kwa nusu kwenye ile asilimia 5, na jina la Beebe kwenye kibao kila inapotundikwa. Na kwenye Bed paandikwe kwamba mfarishi umeshonwa na mkono ambao haukutajwa.

Mkasi na Gundi
Robo. Kwa Pull peke yake, kwa sababu mle mpiga mbizi ndiye mwili wa kazi. Kwenye michoro ya Dante sitoi kitu.

Jicho la Lenzi
Robo ni kidogo. Ila sasa tunazungumza.