Naomba ushauri: ni lazima nilipe mtu akague nyumba kabla sijanunua?

Ndoto_ya_Paa
Habari zenu wana jukwaa. Huwa nasoma tu bila kuandika, lakini leo imebidi, maana usingizi umenikataa.

Kuna nyumba tunataka kununua Buruburu, hapa Nairobi, mezoneti (nyumba ya chini na juu) ya vyumba vitatu, na nyuma ina ekstensheni ya chini na juu. Bei milioni 8.5. Hati tumeshapekua, jina ni la muuzaji mwenyewe na haina deni wala kizuizi. Sako, chama chetu cha akiba na mikopo, imekubali mkopo, ikatuma mthamini wake, akaandika ripoti nzuri. Sasa kuna mhandisi anaitisha 45,000 akague nyumba yenyewe, kuanzia paa hadi msingi. Pesa hizo zinaweza kupaka rangi ndani kote. Je, kuna haja, ama ni watu tu wanajitafutia riziki? Nyumba imesimama tangu enzi za Buruburu kujengwa. Kama ni kuanguka si ingeshaanguka?

Nijibuni kwa upole tafadhali.

Baba_Tumaini
Hongera dada kwa kufika hapo, wengi wanaishia kuota. Lakini kwa milioni 8.5 mimi ningeshika barabara ya Kangundo, ninunue ploti Kamulu au Joska, nijenge yangu mwanzo hadi mwisho. Ndivyo nilivyofanya. Kila jiwe la Ndarugo lililoingia kwa ukuta wangu nililiona likishuka kwa lori. Maji ndiyo shida, ya kisima yana chumvi na ya kunywa nanunua, lakini hakuna mtu wa kuniambia nyumba yangu ilijengwaje. Watoto wanacheza uwanjani, kuku wako, mboga ziko. Fikiria hilo kabla ya kununua siri za mtu mwingine.

Mwanasheria_Mtaani
Ameuliza ukaguzi, Baba Tumaini, hajauliza ploti.

Dada, mthamini wa sako na mkaguzi wa jengo wana kazi mbili tofauti. Mthamini anamwambia mkopeshaji kwamba ukishindwa kulipa, nyumba itauzwa kwa bei gani. Anaingia, anapima vyumba, anaangalia mtaa na mauzo ya jirani, anaondoka. Hapandi darini wala hachimbi. Ripoti yake inalinda pesa za sako, na kama ulisoma ukurasa wa mwisho utakuta ameandika wazi kwamba hakupima uimara wa jengo.

Sheria nayo inamtaka mnunuzi afungue macho mwenyewe. Ukishahamia halafu ukuta ukapasuka, kumrudia muuzaji ni kesi ndefu, na utatakiwa uthibitishe alijua akakuficha. Nina maswali mawili. Mkataba wa mauzo umeshatiwa sahihi? Na muuzaji ana mke? Kama wanaishi humo, ridhaa ya mke kwa maandishi ni lazima.

Shosho_wa_Jerusalem
Mjukuu, mimi naijua Buruburu tangu ikiwa mpya, nyumba zote zinafanana na ua wa kila mtu una nyasi. Nyumba zile za kwanza zilijengwa vizuri. Kilichoziharibu ni tamaa. Mtu anastaafu, anataka kodi, anaita fundi wa kibarua, anainua vyumba vinne mahali palipokuwa pa kuanika nguo. Kaunti haijui, ramani hakuna. Watu wamesahau mapema sana jengo la Huruma lililoanguka usiku wa mvua Aprili 2016. Zaidi ya watu 40 walikufa pale, na wengi walikuwa wapangaji waliolala wakijua wako salama. Usinunue kitu kwa kuwa ni rahisi.

FundiMkongwe
Niko kwa mjengo tangu nikiwa kijana, nitauliza ya fundi. Ekstensheni iliongezwa lini na nani? Ina ramani iliyopitishwa? Kuna nyufa mahali inapokutana na nyumba ya zamani?

Ndoto_ya_Paa
Asanteni. Mkataba wakili anauandika. Mke yupo, ni mtu mzuri sana, hawezi kuleta shida. Ekstensheni iliongezwa zamani kidogo, sijui mwaka. Nyufa ni zile ndogondogo za kila nyumba, na wamepaka rangi juzi kwa hivyo hazionekani.

Lakini swali langu ni hizo 45,000. Kuna mtu amewahi kulipa akaona faida?

Mtoto_wa_Umoja
Mimi nililipa mkaguzi wa gari, akaniambia gari ni safi, likazima Museum Hill foleni ikiwa imefika Westlands. Wa nyumba sijui, lakini nyumba ikizima huwezi kuisukuma 😂

FundiMkongwe
Dada, rangi ya juzi ni nyumba nzima ama ukuta mmoja?

Ndoto_ya_Paa
Ukuta wa nyuma. Na kwenye ngazi kidogo.

FundiMkongwe
Umetaja bei kamili ya mhandisi na umetaja msingi. Wakaguzi wengi huanza kwa kutazama kwa macho, bei hiyo ya msingi huja wakiona kitu. Huyu mhandisi ameshaingia kwa hiyo nyumba?

Mwanasheria_Mtaani
Na lile swali la mkataba hukulijibu vizuri. Kama wakili bado anaandika, hakuna pesa iliyotoka, sivyo?

Ndoto_ya_Paa
Sawa. Naomba msinihukumu.

Mhandisi alishakuja, kutazama tu. Alisema ekstensheni inashuka na inajivuta kutoka kwa nyumba kubwa. Akataka kuchimba kando ya msingi aone umekaa juu ya nini, na kupima konkriti ya nguzo kwa ile nyundo yao. Hiyo ndiyo 45,000. Muuzaji akaja akamkuta akiwa na tochi, akakasirika sana. Akaniambia, "Unaniletea daktari wa kupima maiti nikiwa hai?"

Muuzaji ni mjomba wa mume wangu. Ndiye aliyemsomesha mume wangu sekondari. Mume yuko Qatar, yeye ndiye anatuma, na anasema tukimshuku mjomba tutakuwa tumeivunja familia. Asilimia 10 nimeshamtumia mjomba kwa akaunti yake, 850,000, kwa sababu alikuwa na bili ya hospitali ya mkewe. Na nyumba ninayopanga Donholm nimeshatoa notisi.

Kwa hivyo msiniambie niache. Bei ametupunguzia kwa sababu sisi ni watoto wake. Hakuna mtu baki angetuuzia hivyo. Ninachotaka kujua ni kama ukaguzi huo unaongeza chochote, ama niingie tu halafu nirekebishe polepole.

Baba_Tumaini
Hapo sasa nimekuelewa. Ndugu akikusaidia, umheshimu. Vijana wa leo mnataka cheti kwa kila kitu. Babu zetu walipeana mashamba mbele ya wazee na hakuna aliyemwita mhandisi. Ongeeni kama familia, mbuzi achinjwe, yaishe.

Shosho_wa_Jerusalem
Baba Tumaini, mashamba hayo hayo ndiyo yamejaza mahakama kesi za ndugu kwa ndugu. Mimi mwenyewe niliachiwa sehemu na baba mbele ya wazee, wazee wakafa, na mashahidi waliobaki ni miti ya mpaka. Mjukuu, kumheshimu mjomba ni sawa, lakini watoto wako ndio watakaolala kwa vyumba vya nyuma.

Macho_Kodo
Samahani kwa kuharibu mazungumzo, lakini mmeiona akaunti ya huyu? Imefunguliwa wiki hii. Mezoneti Buruburu watu wanaitisha milioni kumi na kupanda, yeye ameipata kwa 8.5. Mume yuko Qatar, mjomba mkali, mhandisi hana jina, na kila akiulizwa linatoka jambo moja zaidi, hasa pale watu wanapoanza kunyamaza. Hii nimeshaiona. Ni tangazo. Ngojeni, kesho atatokea mtu kusema "mimi nilitumia kampuni fulani ikaniokoa," na nambari ya simu chini. Na FundiMkongwe anavyouliza maswali yaliyo na majibu tayari, huenda ni mtu mmoja mwenye akaunti mbili.

Mtoto_wa_Umoja
Eh! Sasa hata mimi nimeshtuka. Dada, tuonyeshe picha.

FundiMkongwe
Macho_Kodo, mimi niko humu miaka kuliko wewe na sijawahi kuweka nambari ya simu. Kumshuku mtu ni rahisi, lakini kama anasema kweli umemfungia mlango wa mwisho wa kuulizia.

Baba_Tumaini
Kama ni uongo basi ushauri wangu nimeutoa bure. Lakini ploti za Kamulu ni za kweli.

Ndoto_ya_Paa
Picha siweki, jirani yeyote wa pale ataijua nyumba na mjomba ataambiwa kabla ya jioni. Mtu asiyetaka kuamini aniache.

Lakini nitasema nilichokiona kwa macho yangu. Ufa umeanzia kona ya dirisha la ngazi, unashuka ukifuata simiti kati ya mawe, kama ngazi nyingine, na huko juu ni mpana kuliko chini. Kidole changu kidogo kinaingia. Mlango wa chumba cha nyuma hauji mpaka uuinue kwa mkono ndipo ufunge. Maji ya mvua kutoka kwa paa la ekstensheni hayana gata la kuyapitisha, yanamwagika pale pale chini ya ukuta. Na kwenye kona hiyo, nje ya ua, kuna mkaratusi mkubwa kuliko nyumba. Mjomba anasema mlango ni mbao zimevimba.

FundiMkongwe
Macho_Kodo, mlango wa kuinuliwa hautungwi na mtu anayeuza huduma. Huyo yuko kwa hiyo nyumba.

Sasa dada, nisikilize vizuri. Sehemu kubwa ya Eastlands, upande huo wa Buruburu, imekaa juu ya udongo mweusi. Ukinyeshewa unavimba, ukikauka unanywea na kupasuka. Waliojua kazi waliuchimba wakautoa, wakajaza mawe na maramu (udongo mwekundu wa changarawe), ndipo wakaweka msingi. Aliyeongeza ekstensheni huenda alichimba futi mbili akaanza kupanga mawe. Nyumba ya zamani imetulia, ile mpya inapanda na kushuka na majira. Mkaratusi unanyonya maji upande mmoja wa kona, na paa linamwaga upande wa pili. Ukuta unavutwa huku na huku. Ufa mpana juu maana yake ukuta unaegemea nje. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta usikutishe hata kidogo, lakini huo wa kuingiza kidole, tena unaofuata mishono ya mawe, hauzibwi kwa rangi.

Usikate mti kesho pia! Udongo uliozoea kukaushwa na mizizi ukipata maji ghafla unavimba, na unaweza kuinua ulichokuwa unajaribu kuokoa. Mhandisi ndiye aseme lini na vipi.

Na hizo 45,000 hazinunui jibu la "nzuri" ama "mbaya" peke yake. Zinakuambia kama tiba ni gata na mtaro, ama ni kuchimba chini ya msingi na kumwaga konkriti mpya kipande kwa kipande, ama ni kubomoa ekstensheni yote na kubaki na mezoneti. Hizo ni bei tatu zilizo mbali sana. Bila kujua ni ipi, hujui kama 8.5 ni punguzo ama ni bei kamili ya kilichobaki. Akague pia waya na mabomba, nyumba za umri huo nyingi zina mabomba ya chuma yaliyoziba kwa kutu.

Mwanasheria_Mtaani
Nami niongeze ya kwangu haraka. Mkataba wa kuuza ardhi bila maandishi, sahihi za pande zote na mashahidi hausimami kortini. Kwa hivyo leo 850,000 yako imelindwa na risiti ya benki tu. Mwambie wakili wako, na awe wako, asiwe wa mjomba, aandike kwamba pesa hiyo ni sehemu ya bei na inarudishwa ukaguzi ukionyesha msingi umeharibika. Aandike pia kwamba salio halilipwi mpaka ripoti iwe mkononi. Siku 90 za kukamilisha mauzo ambazo watu wamezoea zinatosha kabisa kwa ukaguzi. Ulizia ramani zilizoidhinishwa na kaunti kwa ekstensheni. Kama hakuna, shida hiyo itakuwa yako ukishanunua. Na usisahau ushuru wa stempu, mjini ni asilimia 4 ya thamani. Weka kando.

Macho_Kodo
Sawa, nimesoma. Bado sijaridhika na bei, ila kama ni ya kweli basi bei ndiyo inayokuonya, dada. Mjomba anajua.

Ndoto_ya_Paa
Hajui. Amezeeka, anaona mlango, haoni ukuta. Usimseme hivyo.

Shosho_wa_Jerusalem
Basi umsaidie aone. Usiende na mhandisi kwanza. Nenda na mkewe, ukae naye jikoni, umwambie unaogopa kwa ajili ya watoto. Yeye ndiye analala humo. Halafu mumeo ampigie mjomba mwenyewe kutoka huko aliko, asikuachie wewe mzigo wa kuonekana mbaya.

Ndoto_ya_Paa
Nimerudi. Nilifanya vile Shosho alisema. Shangazi akaniambia huwa anasikia ukuta ukilia usiku wakati wa mvua, na kwamba yeye alishaacha kumlaza mgeni yeyote kule juu. Mume wangu amempigia mjomba. Wamebishana, lakini amekubali lichimbwe shimo moja, si mawili, na lifukiwe siku hiyo hiyo. Mwenye nyumba wa Donholm ameniongezea mwezi. FundiMkongwe, kama ni shimo moja tu, lichimbwe upande gani?

FundiMkongwe
Kona ya mkaratusi, kando ya ukuta wa ekstensheni, lifike chini ya msingi hadi muone umekalia nini. Lisizidi upana wa mtu kusimama, na likingwe mvua. Mhandisi apige picha na kuchukua vipimo kabla ya kufukia. Wakati uo huo abandike kipande cha kioo juu ya ufa kwa plasta na kuandika tarehe. Kikivunjika, ufa bado unatembea. Na wewe uwepo, dada, usitume mtu.