Fundi kapiga msasa hedi ya deki yangu, na nilikuwa nimesimama pale pale

Mkanda Mrefu:
Wakuu, naandika mikono ikitetemeka, mkikuta herufi zimekosewa mnisamehe. Nimetoka kwake sasa hivi. Simtaji. Kila mwenye deki humu ndani keshapita mikononi mwake na mnamjua: yule anayeanza kufungua skrubu kabla hujamaliza salamu.

Kapiga msasa hedi, kile kidude kinachosoma picha kwenye mkanda. MSASA. Ule wa mbao.

Deki yangu ilikuwa na ugonjwa mdogo tu. Inameza kaseti vizuri, picha safi, ila ikicheza robo saa inaanza kutafuna mkanda. Anayezijua hizi mashine anajua pa kuanzia: kile kigurudumu cha mpira kinachoubana mkanda kimekauka, kimekuwa kigumu, kinateleza. Unakisafisha, kikigoma unaweka kipya, basi. Nilimweleza hivyo hivyo, na kigurudumu kipya nilikwenda nacho mwenyewe! Akakiweka pembeni bila hata kukitazama. "Hapana, hii ni hedi, imeshika uchafu." Akavuta droo yenye misumari ya tangu safina ya Nuhu, akatoa kipande cha msasa, akakikunja mara mbili...

Jamani.

Hedi za VHS, aina hii ya deki na kaseti zake, ni vipande vidogo mno vya feraiti, vimechomoza kiduchu tu ukingoni mwa ngoma, ile silinda inayozunguka ndani ya deki. Ngoma yenyewe ina kipenyo cha milimita 62, na kwa mfumo wa televisheni wa PAL inazunguka mara 1,500 kwa dakika. Njia moja ya picha ambayo hedi inaisoma kwenye mkanda, upana wake haufiki sehemu moja ya ishirini ya milimita. Kitu cha namna hiyo husafishwa kwa ngozi laini iliyolowa spiriti safi, tena ngozi unaishika imetulia, ngoma ndiyo unaizungusha taratibu kwa mkono. Hata pamba tu inakatazwa, nyuzi zake zinanasa. Yeye anasugua juu chini, juu chini, kama anatoa masizi ya sufuria! Halafu akapuliza. Kapuliza vumbi la hedi yangu, akanigeukia: "Si unaona imeng'aa?"

Imeng'aa!

Nimefika nyumbani nikaweka kaseti ya baba. Alirekodiwa angali na nguvu zake, anacheka, anatuita watoto mmoja mmoja. Kioo kizima ni chenga. Na kinachoniua ni kwamba sauti ipo. Kwenye deki yangu sauti inasomwa na hedi nyingine iliyotulia pembeni, msasa haukuifikia. Kwa hiyo baba ananiita jina langu kutoka ndani ya chenga. Nimezima. Nimeshindwa.

Na ile khra, khra, khra ya msasa bado iko masikioni mwangu.

Chenga Tupu:
Pole mkuu. Ila swali moja: wewe ulikuwa wapi wakati anaukunja huo msasa?

Mkanda Mrefu:
Nilikuwa nimemshikia tochi! Nilidhani anataka kukwangua kile kigurudumu! Napiga kelele, keshapitisha mara tatu. Juu chini, mkuu. Juu chini!

Chenga Tupu:
Yaani ulimmulikia mchinjaji 😂😂

Dada Lehemu:
Nyie chekeni tu. Mleta uzi, kaseti ya mzee usiirudishe kwenye hiyo deki hata dakika moja. Picha iko kwenye mkanda, haijafutika. Ila hedi iliyokwanguliwa ina makali, inaweza kuuchuna. Tafuta deki nyingine nzima, ijaribu kwanza kwa kaseti usiyoijali, ukiridhika mhamishie mzee kwenye kompyuta siku hiyo hiyo.

Mkanda Mrefu:
Ahsante dada, umenirudishia pumzi. Lakini hiyo nzima naitoa wapi? Funai, wa mwisho waliokuwa wakiunda hizi deki, waliacha mwaka 2016, na moja ya sababu walizotoa ni vipuri kuadimika. Kiwanda kimeshindwa kupata vipuri, halafu mtu anakuja kupiga msasa vilivyobaki!

Kapasita Mzee:
Huyo huyo alinibadilishia kapasita za pawa saplai, akageuza chanya na hasi. Nilipowasha ikapasuka, paka wetu hajaingia ndani mpaka leo.

Skrubu Moja:
Mimi alinirudishia deki na skrubu tano kwenye bahasha. Namuuliza hizi za wapi, ananiambia "hizo ni za akiba."

Betamaksi Damu:
Mngeshika Betamax, aina ile nyingine ya kaseti, msingekuwa mnalia hapa. Sony waliitoa 1975, JVC wakaja na VHS yao 1976, na picha yenyewe haikufikia yetu.

Kapasita Mzee:
Kaseti zenu za mwanzo zilibeba saa moja! Sinema ikinoga, kaseti imekwisha. Ndiyo maana watu waliwakimbia.

Betamaksi Damu:
Sony wameuza kaseti za Betamax mpaka Machi 2016. Watu gani hao waliokimbia?

Dada Lehemu:
Uzi ni wa msasa jamani.

Mkanda Mrefu:
Dada waambie! Mimi nina baba kwenye chenga, nyie mnapigania kaseti!

Chenga Tupu:
Tulia mkuu, tochi unayo?

Mshono Ulegevu:
Mnawalilia mafundi wa deki, afadhali yenu. Fundi wangu wa cherehani nimempelekea suruali apunguze miguu, kapunguza mmoja.

Skrubu Moja:
Mguu gani?

Mshono Ulegevu:
Wa kushoto. Tena anasema nikisimama vizuri haionekani.

Kapasita Mzee:
Ngoja. Huyo si yule anayeshinda na futi shingoni na hapimi mtu?

Mshono Ulegevu:
HUYO HUYO!!!

Betamaksi Damu:
Alinishonea koti mwaka jana. Mfuko wa ndani ameuweka mgongoni.