Naomba ushauri: kurusha shughuli mubashara kwa kompyuta, picha inakwama na siku zinayoyoma

Kimya Kingi:
Wakuu habari za mchana. Nisiwachoshe. Nina shughuli Jumamosi ya wiki ijayo, nataka kuirusha mubashara YouTube kwa saa nne hivi. Nina kompyuta ya mezani, i5 kizazi cha tatu, RAM 8, kamera ya Canon ya kuazima na kadi ya USB ya kuingizia HDMI, yaani picha ya kamera, kwenye kompyuta. Nimepakua OBS, programu ya kurushia, ila picha inakwamakwama, na sauti inatangulia mdomo. Mwenye uzoefu anielekeze, usingizi sipati.

Fundi Waya:
OBS ni ya bure na inatosha kabisa. Usirushe 1080. Weka 1280x720, fremu 30, bitireti (kilobiti za data kwa sekunde) 2500 hadi 3000, CBR yaani isiyopanda wala kushuka, keyframe (fremu kamili) kila sekunde 2. Toa x264 inayobana video kwa prosesa, weka Quick Sync ya Intel, inayobana kwa chipu ya picha, ili prosesa ipumue. Sauti inatangulia kwa sababu picha inachelewa kupita kwenye kadi. Tafuta "Sync Offset" ya maiki, anza na milisekunde 150. Mtu asimame mbele ya kamera apige kofi, wewe ongeza au punguza mpaka mikono inapokutana ndipo mlio usikike.
Swali: kasi ya kupakia hapo kwenye shughuli ni ngapi?

Mama Wawili:
Siku hizi hakuna la faragha. Harusi ya mdogo wangu watu walikuwa wanaiangalia kwenye simu na wamekaa meza ya tatu! Nilimwita shangazi mara mbili aje kulisha keki, hajasikia.

Kimya Kingi:
Fundi asante sana, picha imetulia. Intaneti ipo, hiyo isikupe shida. Je, niongeze RAM nyingine 8?

Fundi Waya:
RAM siyo ugonjwa wako, mkuu, na swali langu hujajibu. Bitireti 3000 kwa saa nne ni GB 5.4, ukiweka na sauti karibu 6. Bando utanunua, kasi hununui. Nataka kusikia Mbps (megabiti kwa sekunde) 6 za kupakia, maradufu ya unachorusha.

Babu wa Gongo la Mboto:
Mimi yalinikuta kwenye mahafali. Chaneli mpya, asubuhi nabonyeza, YouTube inaniambia nisubiri hadi saa 24 ndipo niruhusiwe kurusha. Wazazi wako Mtwara wanapiga simu, mimi natoka jasho tu. Halafu msiache DJ apige nyimbo za watu, hakimiliki itakukatia matangazo katikati.

Kimya Kingi:
Chaneli nilithibitisha jana, babu, asante. Kuhusu kasi: ni Usangi, milimani kule Mwanga. Nyumbani simu inashika vimistari viwili. Ila nina laini za mitandao miwili na ruta ya laini, nitaipandisha juu.

Binti wa Chang'ombe:
Kompyuta ya mezani hadi Usangi? Umeme ukikatika? Na ni shughuli gani hiyo ya saa nne isiyo na jina?

Kimya Kingi:
Ni mazishi. Dada yangu yuko Minnesota, makaratasi yake hayajakamilika, akitoka hawezi kurudi. Alituma hela nikodi watu wa Moshi wenye vifaa vyao. Nikapiga hesabu: wale wakimaliza wanafunga mabegi wanaondoka, na hela imekwenda. Nikinunua mimi, vifaa vinabaki, na kazi za kurusha nitazipata baadaye. Ndiyo nikanunua kompyuta na kadi. Yeye hajajua. Sijala hela ya mtu, nimeibadilishia matumizi tu.

Mama Wawili:
Hela ya msiba ndiyo ya kujifunzia kazi? Mwambie dada yako leo hii.

Mtaa wa Pili:
Jamani, mnadanganywa mchana kweupe. Mazishi gani yanapangwa siku kumi kabla? Shughuli imekuja kuwa msiba baada ya kubanwa. Subirini, sasa hivi ataleta namba ya kuuza kadi za HDMI.

Babu wa Gongo la Mboto:
Hata mimi nilijiuliza. Mfiwa anauliza RAM?

Mwana wa Rombo:
Huko kwetu ni kawaida. Mwili unakaa mochwari mpaka watoto wa mbali wafike. Tulimngoja kaka wiki mbili.

Kimya Kingi:
Sina cha kuuza. Marehemu ni baba yangu. Kaka mkubwa anaingia Alhamisi kutoka Afrika Kusini, ndiyo tunamsubiri. Sikusema kwa sababu sikutaka pole, nilitaka mipangilio. Pole nimepewa nyingi, na dada bado hana pa kumzikia baba yake.

Mtaa wa Pili:
Nisamehe ndugu yangu. Poleni sana.

Fundi Waya:
Pole kaka. Sasa sikiliza. Dukani wakikubali, badilisha hiyo kompyuta ya mezani na laptopu hata ya kizazi hichohicho, angalau ina betri yake. Washa na kurekodi humohumo ndani ya OBS, kwa faili la aina ya MKV: umeme ukizima ghafla, MP4 inaweza isifunguke tena, MKV inabaki na kila kilichorekodiwa. Mtandao ukigoma, dada ataletewa ibada nzima. Kwenye Canon ondoa kujizima yenyewe na ufute maandishi yanayotokea kwenye picha. Sauti ya mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) ipitishe kwenye kadi ya sauti ya USB. Ukichomeka moja kwa moja kwenye tundu la maiki la laptopu, mchungaji atasikika anakoroma.

Kimya Kingi:
Wakuu, mrejesho. Laptopu nimepata, nimeongeza hela kidogo. Nimepanda Usangi jana. Migombani kasi ya kupakia ilikuwa Mbps 0.8. Ruta nikaipandisha juu ya tangi la maji, ikafika 4.6. Nimeshusha bitireti hadi 1800, kwa kuwa watu wamekaa na hawakimbii, picha inavumilika. Dada ameangalia dakika ishirini. Akasema nigeuze kamera aone mlango wa jikoni. Nikamwambia habari ya hela. Alinyamaza, halafu akauliza kama ng'ombe wa baba bado yupo. Nikampelekea kamera mpaka bandani.
Limebaki moja. Kutoka kwenye tenti hadi kaburini ni mita 20. Kuna HDMI ya urefu huo?

Fundi Waya:
HDMI ndefu hivyo usiiamini. Laptopu ikae kwenye kiti karibu na kamera, hukohuko kaburini. Kinachosafiri kiwe waya wa maiki, na kebo ya mtandao kutoka kwenye ruta. Hiyo inafika mita 100. Ipitishe pembeni ya migomba, wabeba jeneza wasijikwae.